Orda si genge la wahuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nilisemee neno moja ambalo kila likiingia katika Kiswahili kupitia tafsiri, huingia likichechemea. Neno lenyewe ni orda. Msomaji hulikuta katika makala za historia ya Urusi na Asia ya Kati, pale inapotajwa dola ya Wamongolia iliyozitawala nyika za mto Volga kuanzia karne ya 13. Warusi huiita Zolotaya Orda. Mfasiri anayetegemea lugha za Ulaya Magharibi hulikuta neno hilo limeongezwa herufi h mbele. Anafungua kamusi, anaambiwa ni kundi kubwa la watu wenye fujo, basi anaandika Kundi la Dhahabu na kuendelea na aya inayofuata. Msomaji makini anabaki na swali: kundi gani hilo la fujo lililokuwa na makarani, sarafu, farasi wa posta na ushuru wa forodha kwa zaidi ya miaka mia mbili?

Tumpunguzie mfasiri lawama kidogo, maana neno lenyewe ni kinyonga. Mwulize Mturuki wa Istanbul maana ya ordu, atakujibu papo hapo: jeshi. Mwazabajani naye atasema vivyo hivyo. Mkazakhi, ambaye hutamka orda, atakuonyesha jumba lenye kuba la buluu mjini Astana, Ak Orda, ambako rais wao hufanyia kazi tangu 2004. Mrusi akiliona neno hilo kwa herufi ndogo huona umati wenye makelele usiotawalika. Likianza na herufi kubwa, huwaona makhani, yaani watawala wa Wamongolia, waliowatoza kodi mababu zake. Mpolandi husema horda. Mserbia na Mbulgaria wana maneno mawili yaliyotoka katika shina hilo moja, na sababu yake nitaieleza. Mwajemi akisema ordu anazungumzia kambi, hata ile ya wanafunzi au ya timu inayojiandaa na mashindano. Na Kiurdu kimelifanya neno hilohilo kuwa jina lake.

Kabla ya kudai kwamba maneno mawili yanayofanana ni ndugu, ni lazima kwanza kuhakikisha kwamba hayakukutana njiani tu. Lugha za Kislavi na za jamii ya Kituruki zimepakana kwa zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo kishawishi cha kuona udugu kila mahali ni kikubwa. Chukua durak. Kwa Kituruki ni kituo cha basi; kwa Kirusi ni mpumbavu. Kuna utani mwingi juu ya hilo, na wapo wanaotunga hadithi ya kuyaunganisha. Hakuna cha kuunganisha. Lipasue kila neno ndani ya lugha yake. Kwa Kituruki, dur- ni kusimama, na kiambishi -ak hutaja mahali au kitu cha tendo: yat- ni kulala, yatak ni kitanda; kon- ni kutua, konak ni mahali pa kufikia wageni. Kwa Kirusi, dur ni upuuzi, duret ni kupumbaa, na -ak ya huko hutaja mtu: chudak ni mtu wa vituko, prostak ni mtu asiyejua mambo. Kila upande una ukoo wake kamili, shina na kiambishi, na koo hizo mbili hazijawahi kuoana.

Sasa lipitishe orda katika kipimo hichohicho. Ndani ya Kirusi halina kitenzi lilikotoka wala shina linalozaa maneno mengine ya asili. Lina watoto tu, na wote wamezaliwa baada ya neno lenyewe kufika: ordynets, mtu wa Orda, ordynski, cha Orda, na Ordynka, mtaa mkongwe wa Moscow kusini mwa mto, ulioitwa hivyo ama kwa kuwa ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda Orda, ama kwa kuwa walikaa pale watu waliohusika na kupeleka kodi huko. Neno lisilo na wazazi nyumbani ni mgeni. Ni kama sanduku kwetu: Warusi nao husema sunduk, na wao walilipata kwa Waturuki, ambao walilipata kwa Waarabu. Hakuna aliyelipata kwa mwenzake kati ya Mswahili na Mrusi, ila wote wawili walibisha hodi mlango mmoja.

Ukishajua kwamba neno ni mgeni, ifuate hati kongwe kuliko zote. Kwa lugha za Kituruki hatuna haja ya kukisia, maana kuna mawe. Katika bonde la mto Orkhon, Mongolia, lipo jiwe la mwaka 732 la kumkumbuka mwana wa mfalme aliyeitwa Kül Tigin. Maandishi yake yalikaa bila kusomeka hadi 1893, Vilhelm Thomsen wa Denmark alipoifumbua alfabeti yake. Msemaji katika jiwe hilo ni Bilge Khagan, kaka wa marehemu. Anasimulia jinsi Waoghuz, kabila jingine la Kituruki, walivyoivamia ordu. Kül Tigin akapanda farasi wake mweupe, akawachoma mkuki watu tisa, na ordu hakuitoa. Kisha kaka anawataja ambao wangepotea kama si yeye: mama yao malkia, mama zao wengine, shangazi, wakwe, mabinti wa kifalme. Anasema ambao wangebaki hai wangefanywa vijakazi, na maiti za wengine zingelala ovyo njiani na kambini.

Hapo ndipo pa kusimama na kutazama vizuri. Ordu ya jiwe hilo siyo jeshi, kwa sababu ordu ndiyo inayolindwa. Siyo umati pia. Ni makao ya mtawala yenye wanawake wa nyumba yake ndani, yaliyokuwa ya mahema lakini yenye hadhi ya kasri. Miaka mia tatu na zaidi baadaye, katika miaka ya 1070, Mahmud al-Kashgari akiwaandikia Waarabu kamusi ya lugha za Waturuki anaeleza jambo lilelile: ordu ni mji anaokaa mfalme, na ndiyo sababu Kashgar huitwa Ordu Kend. Wakhitan waliotawala kaskazini mwa China chini ya nasaba ya Liao, 907 hadi 1125, walikuwa nalo pia, na wanahistoria wa Kichina walilifasiri kwa neno lao la kasri. Kila mfalme wa Liao alikuwa na ordo yake, yenye walinzi na kaya zake. Wamongolia nao wakalitumia hivyo. Chinggis Khan alikuwa na ordo kuu nne, kila moja chini ya mmoja wa wake zake wakuu. Ya kwanza ilikuwa ya Börte. Nyanda za Ordos, katika Mongolia ya Ndani, zimebeba jina hilo kwa umbo la wingi, kutokana na mahema matakatifu ya kumbukumbu yake.

Wageni walioziona orda hizo kwa macho yao waliandika maelezo yanayokubaliana. Giovanni da Pian del Carpine, mjumbe wa Papa aliyeshuhudia kutawazwa kwa Güyük, khani mkuu wa Wamongolia, mwaka 1246, anataja hema lililoitwa Orda ya Dhahabu, nguzo zake zimefunikwa mabamba ya dhahabu. Mtawa Willem wa Rubruck, aliyefika kwa Batu, mtawala wa dola ya Volga, mwaka 1253, anasema baraza la mtawala huitwa orda, na kwamba maana yake ni katikati, kwa sababu mtawala hukaa katikati ya watu wake. Anaongeza kwamba hakuna anayepiga hema upande wa kusini, kwa kuwa milango ya baraza hufunguka huko. Wengine hujipanga kulia na kushoto kadiri nafasi inavyoruhusu. Mpangilio aliuona sawasawa. Maana ya neno aliikosea: alilichanganya na orta, ambalo kwa lugha za Kituruki kweli ni katikati. Kosa lake limeishi muda mrefu, na hadi leo wapo wanaolirudia. Atakayesoma habari za Waosmani, watawala wa Uturuki ya zamani, ajihadhari zaidi, kwa kuwa vikosi vya askari wa Janissari viliitwa orta, wakati jeshi zima ni ordu. Herufi moja ikiteleza, kikosi kinageuka jeshi.

Naye Ibn Battuta, yuleyule tunayemjua kwa sababu ya maelezo yake ya Mombasa na Kilwa za mwaka 1331, alifika miaka michache baadaye katika kambi ya Uzbek Khan, mtawala wa dola ileile ya Volga, kaskazini mwa milima ya Kaukasi. Anasema wenyeji waliiita urdu. Aliona mji mkubwa ukitembea pamoja na watu wake, misikiti na masoko ndani yake, moshi wa majiko ukipanda hewani kwa kuwa walipika huku magari ya farasi yakienda.

Weka picha hiyo kando ya nyingine, ya mtawala huyohuyo. Mwaka 1318 mtemi Mikhail wa Tver aliitwa Orda kujibu mashtaka. Mwandishi wa Kirusi aliyeacha kisa chake anaeleza jinsi Orda ilivyokuwa ikihama kwenda kuwinda upande wa mto Terek, na Mikhail akiburutwa nayo amefungwa gogo shingoni, hadi alipouawa. Mji ni ule unaotembea, masoko ni yaleyale, na moshi ni uleule. Mmoja alikuwa mgeni wa heshima aliyekaribishwa, mwingine alikuwa mshtakiwa. Kwa maoni yangu, maana za neno hili zilianza kuachana hapo: asili yake ni moja, lakini waliolitazama walisimama pande tofauti za hema.

Hata hivyo, Mrusi wa karne ya 14 hakulitumia kama tusi. Katika kumbukumbu za miaka za enzi hiyo mtemi "alikwenda Orda," "alirudi kutoka Orda," kama vile mtu anavyokwenda makao makuu kushughulikia barua zake. Na barua ndizo zilizofuatwa huko. Mtemi hakuweza kutawala bila yarlyk, yaani hati ya khani. Neno hilo nalo limeshuka cheo: yarlyk ya leo kwa Kirusi ni lebo ya shati, na katika kompyuta ni ile alama ndogo ya mkato unayoibofya kufungua programu. Dengi, fedha, ni neno la kutoka huko. Tamozhnya, forodha, limetokana na tamga, muhuri uliogongwa kwenye bidhaa iliyolipiwa. Kazna ni hazina, na hapa Mswahili hahitaji kuambiwa undugu, kwa kuwa hazina yetu ilitoka Uarabuni kama ilivyotoka yao, ila yao ilipitia kwa Waturuki. Maneno yote haya ni ya ofisi. Genge la wahuni halimwachii jirani yake msamiati wa forodha.

Kilichoishusha maana ni kusambaratika kwa dola yenyewe. Baada ya mwaka 1480, pale majeshi ya Moscow na ya Ahmad Khan yalipokodoleana macho kando ya mto Ugra na khani akaondoka bila kodi, haikuwepo tena Orda moja. Orda Kuu ilivunjwa na Wakrimea mwaka 1502. Zikabaki za Wanogai, za Krimea na nyingine. Neno lililokuwa jina la mahali pamoja, lenye herufi kubwa, likapata wingi: ordy. Na kitu kikishakuwa kingi, chenye kuhamahama, kinachokuja kwa mbio za farasi na kuondoka na mateka, aliyeko upande wa pili wa ukuta haoni baraza tena, anaona vumbi. Sigmund von Herberstein, balozi wa Austria aliyechapisha habari za Urusi mwaka 1549, aliwaeleza wasomaji wake kwamba horda maana yake ni wingi wa watu. Hiyo tayari ni maana ya jirani, siyo ya mwenye nyumba. Jambo la kuchekesha ni kwamba jina Zolotaya Orda lenyewe huonekana katika maandishi ya Kirusi ya karne hiyohiyo ya 16, dola ikiwa imekwisha kufa. Ilipokuwa hai wenyewe waliiita Ulus, yaani dola au milki, ya Jochi, na Warusi walisema Orda tu.

Hiyo h ya mbele ni ya njia ya Poland. Wapolandi waliandika horda, na kupitia kwao neno likaingia Ujerumani, Ufaransa na kwingineko likiwa limevaa kofia hiyo pamoja na maana ya umati. Waitaliano husema orda bila h. Kwa hiyo mfasiri akikutana na umbo lenye h ajue analipokea kutoka mkono wa tatu au wa nne. Halina uhusiano wowote na ordo ya Kilatini, mpangilio, ambayo mjukuu wake ni oda tunayoitoa hotelini. Wala halihusiani na oda ya Kituruki, chumba, ambayo imetokana na otağ, hema.

Njia ya kusini ilikuwa tofauti kabisa. Kwa Waosmani, sultani akienda vitani, baraza, hazina na mahema ya kifalme vilikwenda naye. Kambi hiyo tukufu iliitwa ordu-yı hümayun. Mafundi wa vyama vya Istanbul walipangiwa zamu kuifuata wakiwa na mahema na mitaji yao, waoka mikate, watengeneza tandiko, wapiga nali, na waliitwa orducu, watu wa ordu. Kambi na jeshi vilikuwa kitu kimoja machoni pa kila mtu, na taratibu neno likahama kutoka mahema kwenda kwa waliolala humo. Mageuzi ya mwaka 1843 yalipoligawa jeshi katika ordu tano za kudumu, kila moja na eneo lake, mlango ukafungwa: ordu ikawa jeshi na si kingine. Ushahidi kwamba nafasi ya zamani ilibaki wazi ni kuwa Kituruki kililazimika kuunda neno jingine la kambi, ordugâh, kwa kuazima kiambishi cha Kiajemi cha mahali.

Waslavi wa Balkani waliipokea ordu hiyo ya Waosmani. Kwa desturi yao, jina la Kituruki linaloishia na irabu huongezewa -ija: kapı, lango, likawa kapija, çarşı, soko, likawa čaršija. Ndivyo ordu ilivyokuwa ordija kwa Mserbia na ordiya kwa Mbulgaria, jeshi la Waosmani lililotanda bondeni. Baadaye, vitabu vya Ulaya na vya Urusi vikawaletea horda na orda, kwa maana ya umati. Wakajikuta na wageni wawili wa ukoo mmoja, mmoja ameingia kwa mlango wa kusini, mwingine wa kaskazini, na hawafahamiani. Katika Ukraine, ambako orda kwa karne nyingi ilikuwa jina la wavamizi kutoka Krimea, tangu vita vya 2022 watu hulitumia kwa jeshi la Urusi. Tusi limezunguka likamrudia aliyelieneza.

Wakati huo wote, upande wa mashariki neno halikupoteza heshima yake hata siku moja. Mjini Qo'qon, Uzbekistan, jumba la Khudayar Khan la karne ya 19 huitwa o'rda. Serikali ya kujitawala ya Wakazakhi iliyoundwa mjini Orenburg Desemba 1917 ilijiita Alash Orda. Mwaka 1925, Wakazakhi wakiwa chini ya Wasovieti, mji wao mkuu mpya ulipewa jina Kyzyl-Orda, na hakuna aliyekusudia kuuita umati mwekundu. Magazeti ya Kikazakhi leo huita chuo kikuu bilim ordasy, makao ya elimu. Kwa Wakirgizi kuna mchezo wa ordo: duara kubwa huchorwa ardhini, vifupa vya kondoo hupangwa katikati na kimoja kikiwa khani, na wachezaji hurusha kifupa kizito kuvitoa nje. Mchezo mzima ni kuteka makao ya mtawala. Mtoto wa Kirgizi anaijua maana ya jiwe la Orkhon bila kulisoma.

Kuhusu Kiurdu nitasema machache. Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba ni lugha ya kambi za askari, kwa kuwa ordu ni jeshi. Wanaosema hivyo wanachukua maana ya Kituruki cha sasa na kuibandika India ya kale. Jina kamili lilikuwa lugha ya urdu-e mualla, yaani ya makao matukufu, na makao yenyewe ni Delhi ya Shah Jahan, mji wa mfalme. Likafupishwa mwishoni mwa karne ya 18. Huko pia urdu ilikuwa ikulu kabla ya kuwa kitu kingine.

Nimetaja ikulu kwa makusudi, maana ndilo neno tunalolihitaji. Ikulu tulilipata kwa Wanyamwezi, kwao yakiwa makao ya mtemi. Leo tunasema "Ikulu imekanusha," "Ikulu imetangaza," ingawa jengo halina mdomo. Mrusi aliyeandika "Orda imeamuru" alikuwa akisema hivyohivyo. Kambi nayo imehama: tunasema "kambi ya upinzani" na hakuna anayetafuta mahema. Kiswahili kina vifaa vyote vya kuipokea orda, mradi mfasiri aulize mambo mawili kabla ya kuandika: matini ni ya lugha gani, na ni ya karne gani.

Ikiwa ni Kituruki cha Uturuki au Kiazabajani cha leo, andika jeshi, na Birinci Ordu iwe Jeshi la Kwanza. Habari za sultani wa karne ya 16 au 17 akiwa safarini vitani, andika kambi ya sultani, maana ukiandika jeshi utawapoteza waoka mikate na hazina. Kikazakhi, Kiuzbeki na Kikirgizi, andika ikulu, kasri au makao kulingana na sentensi. Kiajemi, kambi. Kirusi cha kabla ya takriban 1500, acha Orda kwa herufi kubwa na ueleze mara ya kwanza kwamba ni makao ya khani na dola yake. Zolotaya Orda inaweza kuwa Orda ya Dhahabu, na nisingemgombeza atakayethubutu Ikulu ya Dhahabu. Kirusi cha leo chenye herufi ndogo, hapo ndipo kundi la fujo lina haki yake. Horda ya Kipolandi cha sasa, vivyo hivyo. Ordija katika masimulizi ya Waserbia ni majeshi ya Waosmani.

Umebaki mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Katika nyaraka za Kirusi za karne ya 18 na 19, Wakazakhi wamegawanywa katika Orda Kubwa, ya Kati na Ndogo. Ndivyo ilivyoandikwa pia kuhusu Abulkhair Khan alipokubali ulinzi wa Urusi mwaka 1731. Wakazakhi wenyewe hawakusema orda hapo. Walisema jüz, mgawanyo wa jumuiya zao, na karani wa Kirusi ndiye aliyebandika neno alilolizoea. Mfasiri wa Kiswahili akikuta "Orda Ndogo" katika habari za mwaka huo arudishe jüz mahali pake, aandike Juzi Ndogo kwa herufi kubwa, au Jüz kwa tahajia ya wenyewe kama anaogopa msomaji atadhani ni siku iliyotangulia jana.

Wako,
Msomaji na mfasiri